Mashuka Matatu Katika Upepo

Mwaka juzi nilipata kibarua cha kutafsiri. Nasema kibarua kwa sababu hakukuwa na mkataba wala ofisi. Bwana mmoja anayeuza vitabu vya mitumba mjini alitaka hadithi fupi ya mabaharia wa Kiingereza wa karne ya 19 igeuzwe Kiswahili, akaniahidi mshiko wa kutosha kodi ya chumba kwa miezi miwili. Mimi nimeishia kidato cha nne. Nina riwaya yangu ambayo haijakwisha, iko ndani ya madaftari manne chini ya godoro, na hadi siku ile nilikuwa sijalipwa hata senti tano kwa maandishi. Nikaona Mungu si Athumani.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka ukurasa wa sita. Hapo baharia mmoja anarudi melini usiku akitoka kilabuni, na mwandishi anasema kwamba alikuwa "three sheets in the wind". Maneno yote nilikuwa nayajua. Tatu, shuka, upepo. Kuna ugumu gani? Nikaandika: "Alirudi akiwa mashuka matatu katika upepo." Nikaendelea na ukurasa wa saba, tena kwa kujidai.

Jumamosi nikaisoma kazi hiyo mbele ya wenzangu. Tuko watu saba, tunakutana kila wiki uani kwa kinyozi mmoja huku Temeke, kila mtu na daftari lake. Nilipofika kwenye mashuka pakawa kimya. Kisha dada mmoja, msomaji mkali kuliko sote, akauliza: "Kwani huyo baharia ni dobi?"

Watu wakacheka mpaka kinyozi akachungulia. Nilicheka nao, lakini moyoni niliishiwa pozi. Kicheko hakikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika sentensi nzima kwa mkono wangu mwenyewe bila kuona chochote ndani yake. Je, huyo ni mwandishi au ni mashine ya kunakili?

Wewe msomaji uliyepita shule kama zetu utanielewa. Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili, tukaingia kidato cha kwanza masomo yote yakageuka Kiingereza kama mtu aliyezimiwa taa. Misemo ya Kiingereza ilikuja kwa orodha ubaoni, ishirini kwa siku, upande wa kushoto msemo, upande wa kulia maana. Mvua ya paka na mbwa, maana yake mvua kubwa. Kumkimbiza bata bukini wa mwituni, maana yake kazi bure. Tukakariri, tukapata alama. Hakuna aliyeuliza kwa nini paka, kwa nini bata bukini. Tulidhani Waingereza ndivyo walivyo, wanapenda kusema mambo kwa kuzunguka.

Basi usiku ule nikachukua kamusi yangu kuukuu iliyokosa jalada, nikatafuta neno "sheet" upya, na safari hii nikasoma maana zote hadi ya mwisho. Ya kwanza shuka, ya pili karatasi, ya tatu bati, na mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo: kamba ya tanga. Kamba! Kumbe hakuna shuka hata moja pale. Lakini kamba tatu katika upepo zina uhusiano gani na ulevi? Kamusi ilikuwa imemaliza kazi yake.

Mtaani kwetu kuna mzee mmoja ambaye ujana wake wote aliumaliza katika majahazi, akibeba boriti kutoka delta ya Rufiji kwenda Zanzibar. Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Kesho yake asubuhi nikamkuta barazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona umedamka na karatasi?"

Nikamwambia nataka kujua ile kamba inayoshika tanga kwa chini, upande wa nyuma, inaitwaje.

"Demani," akasema, kama mtu aliyeulizwa jina la mwanawe. Nikashtuka. Mimi demani nilijua ni majira ya mwaka. "Majira pia, na kamba pia," akasema. "Demani ndiyo inayolishika tanga lile upepo. Ukiikaza tanga linatulia, ukiilegeza linapunguza."

"Na ikifyatuka je?"

Mzee akaweka kikombe chini ili mikono yote miwili iwe huru. Akasema demani ikifyatuka tanga halina mwenyewe tena. Linapigapiga hewani, chombo hakishiki njia, kinainamia huku, kinainamia kule, kinakwenda mrama. Mikono yake ikawa inayumba hewani. Halafu akacheka peke yake, akasema: "Utadhani mlevi anatoka kilabuni."

Aisee, nilinyamaza. Mzee yule, bila neno moja la Kiingereza, alikuwa ameufikia msemo ule kwa njia ileile waliyopita mabaharia wa Kiingereza. Hakuhitaji orodha ya ubaoni, kwa kuwa aliijua kazi.

Siku ile ndipo nilipoanza kuisoma historia ya misemo, na jambo moja likanijia wazi ambalo nataka kulisema hapa. Msemo ni kumbukumbu ya kazi ya mtu. Aliyeusema mwanzo hakuwa akizunguka hata kidogo. Alikuwa akisema jambo alilolishika mikononi jana yake. Kazi ile inapokufa, msemo unabaki kama kombe la konokono ufukweni, na sisi wageni tunaliokota kombe tukidhani ndiyo konokono mwenyewe.

Tuanze na bahari hiyohiyo. Meli za Waingereza za wakati ule zilikuwa na matanga mengi ya mraba, na pembe za chini za tanga zilishikwa kwa kamba hizo. Moja ikilegea ni tatizo dogo. Zikilegea tatu, meli inapepesuka. Mabaharia wakafanya mzaha huo kuwa kipimo cha ulevi. Katika "Treasure Island", riwaya ya Robert Louis Stevenson iliyotoka kama kitabu mwaka 1883, yule haramia John Silver anaposimulia usiku mmoja wa hatari anajitetea kwamba hakuwa amelewa, na hesabu anayoitumia ni ya kamba moja tu. Riwaya hiyo ilitiwa katika Kiswahili mwaka 1929 kwa jina la "Kisiwa chenye Hazina". Kwa hiyo demani za Waingereza zilikwishafika pwani yetu kabla babu zetu wengi hawajazaliwa.

Nikaona na mingine. Tuliambiwa shuleni kwamba "by and large" maana yake kwa jumla. Kwa baharia wa karne ya 17 neno la kwanza lilikuwa kwenda kwa kuukabili upepo kwa karibu, na neno la pili kwenda na upepo unaotoka nyuma au ubavuni. Meli iliyokwenda vyema kwa namna zote mbili ilikuwa nzuri katika kila hali. Tuliambiwa "taken aback" ni kupigwa na butwaa. Kwa baharia ni pale upepo unapogeuka ghafla ukalipiga tanga kwa mbele, tanga likabanwa kwenye mlingoti, na meli iliyokuwa ikikimbia ikasimama papo hapo. Ukishaiona picha hiyo, huhitaji kukariri.

Nao msemo "the bitter end" ubaoni kwetu uliandikwa "mwisho mchungu", na sisi tukaandika vilevile. Lakini Kapteni John Smith, katika kitabu chake cha elimu ya bahari cha mwaka 1627, anaeleza kwamba mwisho huo ni sehemu ya kamba ya nanga inayobaki ndani ya meli, ikizungushwa kwenye nguzo fupi imara za sitahani. Jina la nguzo hizo ndilo lililozaa neno hilo. Ukiifikia sehemu hiyo huna kamba tena ya kutoa. Uchungu wa ulimini ulikuja kuingia humo baadaye, kwa kuwa maneno yanafanana.

Mtu atauliza, kwa nini bahari imejaa hivyo katika Kiingereza? Uingereza ni kisiwa, na katika vita vyake na Napoleon mwanzoni mwa karne ya 19 jeshi lake la majini lilikuwa na watu zaidi ya 100,000. Hao waliporudi nchi kavu hawakuziacha kamba zao bandarini. Walikaa vilabuni wakasimulia, na watoto wao wakakua wakisema maneno ya tanga bila ya kuwahi kupanda chombo.

Chemchemi ya pili ni Biblia, na huko nilikutana na mtu ambaye habari zake zilininyima usingizi. William Tyndale alitaka mkulima wa kawaida wa Uingereza asome Maandiko kwa lugha yake mwenyewe, jambo ambalo wakubwa wa wakati ule hawakulitaka. Akaondoka kwao mwaka 1524. Agano Jipya alilolitafsiri lilichapishwa Worms, Ujerumani, mwaka 1526, kisha vitabu vitano vya Musa mwaka 1530. Mwaka 1535 alikamatwa Antwerp, na mwaka 1536 alinyongwa na mwili wake ukachomwa moto huko Vilvoorde, karibu na Brussels. Maneno yake mengi yaliingia baadaye katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, na mpaka leo Mwingereza asiyekanyaga kanisani anayasema kila siku. Chumvi ya dunia imo katika tafsiri ya Tyndale. Kupiga vita vilivyo vizuri ni yake pia.

Na "scapegoat" ni yake. Hapa nisikilize, maana hata magazeti yetu hulitumia neno hili kila wiki. Sisi tunasema mbuzi wa kafara, yaani mtu anayebebeshwa makosa ya wengine. Lakini fungua Mambo ya Walawi, sura ya 16. Mbuzi ni wawili. Mmoja anachinjwa. Wa pili anawekewa dhambi za watu kichwani, kisha anaachiwa aende jangwani akiwa hai. Tyndale alimzungumzia huyu wa pili, na neno lake kwa maana ya asili ni mbuzi anayeponyoka. Sisi tukisikia kafara tunamwona aliyechinjwa. Mbuzi wetu anakufa, mbuzi wao anafukuzwa. Sisemi tuliache neno letu, limekwishakomaa na kila mtu analielewa. Nasema mwandishi ajue ni mbuzi yupi anamshika kamba.

Ya tatu ni jukwaa la michezo ya kuigiza. Waingereza jambo wasiloelewa husema kwao ni Kigiriki. Watu hudhani ni dharau tu kwa Wagiriki. Nenda kwenye mchezo wa "Julius Caesar" ambao Shakespeare aliuandika karibu mwaka 1599, na ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili, toleo la kwanza likatoka mwaka 1963. Humo Casca anaulizwa Cicero alisema nini, naye hawezi kujibu kwa sababu Cicero alizungumza Kigiriki hasa, lugha ya wasomi wa Roma. Casca alikuwa akisema kweli tupu. Na yule bata bukini aliyenisumbua ubaoni yumo katika "Romeo na Juliet". Wakati wa Shakespeare kulikuwa na mashindano ya farasi ambapo wa mbele huenda popote apendapo na wa nyuma sharti wamfuate njia ileile kwa nafasi maalumu, kama bata bukini wanavyoruka kwa mstari angani. Hakuna aliyekuwa akimkimbiza ndege.

Sasa mimi niliyekuwa nikiona misemo ni mapambo ya Kiingereza kizuri, nilipata kofi jingine kutoka kwa waandishi wa Kiingereza wenyewe. Jonathan Swift, yuleyule wa "Safari za Gulliver", alitoa kitabu mwaka 1738 cha kuwakejeli mabwana na mabibi wa heshima ambao mazungumzo yao yalikuwa misemo mitupu iliyokwishatafunwa. Ndani ya kitabu hicho imo mvua ya paka na mbwa. Yaani ile lulu tuliyopewa ubaoni, Swift alikwishaicheka karibu miaka 300 iliyopita.

Na mwaka 1946 George Orwell aliandika insha juu ya siasa na lugha ya Kiingereza. Anatoa mfano wa msemo "toe the line", ambao picha yake ni watu waliosimama safu moja, kila mmoja ncha ya kidole cha mguu kwenye mstari. Orwell aliona baadhi ya watu wanauandika kana kwamba ni kuvuta kamba, kwa sababu kwa Kiingereza kidole kile na kuvuta vinatamkwa sawa. Kwake hiyo ilikuwa dalili kwamba mwandishi haoni anachokiandika. Nilipoisoma habari hiyo nikaona aibu, na pia nikafarijika kidogo. Hata wenye lugha yao huchemsha! Ugonjwa wa mashuka matatu si wa mtoto wa Temeke peke yake.

Lakini msomaji, tusicheke sana ya jirani. Nilimrudia mzee jioni moja kumshukuru, nikamwambia kwa furaha kwamba nimejifunza misemo ya mabaharia wa Uingereza. Akaniuliza: "Na hiyo mrama unayosema kila siku, umeisoma wapi?"

Nikabaki nimeduwaa. Mambo yamekwenda mrama. Nimeisema tangu utotoni, nimeiandika katika riwaya yangu, nimeisikia redioni mpira ukiharibika. Wala sikujua kwamba mrama ni kule kuyumba kwa chombo ubavu kwa ubavu. Methali ya manahodha wengi na chombo kwenda mrama nilikuwa nikiikariri shuleni, na bado sikuona maji! Nilikuwa nimevuka bahari kwenda kutafuta konokono wa watu huku wangu anatembea mlangoni.

Tangu hapo nimekuwa msumbufu. Fulani hafui dafu mbele ya fulani: anayefua ni nani? Ni mtu anayeondoa makumbi ya nazi kwa kifuo, ule mti uliochongwa ncha na kusimikwa chini. Ametoka kapa: ametoka wapi? Mkekani, kwenye mchezo wa karata, mikono mitupu. Anapiga chuku: chuku ni pembe ya kuumikia damu. Kila msemo una mtu nyuma yake, na mtu huyo ana kazi, ana jasho. Sisi wa mjini tumebaki na maneno tu. Watoto wanaokunywa dafu lililokatwa tayari kwa panga wataambiwa hawafui dafu na watacheka bila kujua walichotukanwa.

Na pale tusipojua vyetu, tunaazima. Nilivuta madaftari yangu manne kutoka chini ya godoro, nikayasoma kwa kalamu nyekundu. Katika daftari la kwanza peke yake nilihesabu "mwisho wa siku" mara kumi na moja. Mhusika wangu, mchukuzi wa Kariakoo ambaye hajui Kiingereza, anamwambia mkewe kwamba mwisho wa siku watashinda. Mkewe, kama ni mwanamke ninayemjua mimi, angemuuliza: saa ngapi, magharibi? Kiswahili kina hatimaye, kina mwishowe, kina ya mwisho mwisho. Huo mwisho wa siku niliuokota redioni, na redio iliuokota kwa Waingereza.

Sisemi kuazima ni dhambi. Lugha yetu imeazima tangu majahazi ya kwanza, na hayo aliyoazima imeyavalisha kanga yakawa wenyeji. Chumvi ya dunia haikukataliwa na mtu, kwa sababu chumvi kila jiko linayo. Mashuka matatu yalikataliwa na wenzangu kwa haki, maana hakuna aliyeweza kuona kitu. Nadhani kipimo ndicho hicho. Kabla hujauingiza msemo wa mtu ndani ya hadithi yako, muulize: wewe ulizaliwa kwenye kazi gani? Ukijibiwa, utajua kama umlete ulivyo au umtafutie ndugu yake wa huku.

Kibarua changu nilikichelewesha wiki mbili kwa sababu ya misemo. Bwana wa vitabu hakufurahi, akanilipa nusu, nami sikuwa na la kusema. Kodi ya mwezi mmoja ikapatikana, wa pili nikaomba subira kwa mama mwenye nyumba. Lakini ukurasa wa sita niliubadilisha kabla ya kuukabidhi. Jumamosi nikausoma uani kwa kinyozi: "Alirudi usiku ule demani zote tatu zimemfyatuka, akaja anakwenda mrama toka ukuta hadi ukuta."

Nikamtazama yule dada. Hakujua demani ni nini, nilimwona machoni. Alifikiri kidogo, mkono wake ukayumba hewani kama wa mzee.

"Huyo sasa amelewa," akasema. "Endelea."